Wito wa amani si habari

Kila uchaguzi unapokaribia, watangazaji vijana hunipigia simu wakiuliza waseme nini hewani mambo yakichafuka. Nimefanya kazi ya redio tangu kabla ya uchaguzi wa 2007, sehemu kubwa ikiwa Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa, Kenya, na jibu langu halijabadilika kwa miaka mingi: wape watu habari wanazoweza kuzitumia. Jibu hilo ni fupi mno, na nyuma yake kuna mambo tuliyoyapitia kwa uchungu, ndiyo maana naona ni vyema niyaandike kwa kirefu.

Kura zilipigwa Alhamisi, Desemba 27, 2007. Foleni zilikuwa ndefu na tulivu. Kituo chetu kilikuwa kidogo: studio moja, meza ya habari yenye kompyuta chache, na simu moja ya mkononi ambayo wasikilizaji waliitumia kutuma meseji. Mwanzoni tulisoma matokeo ya majimbo kadiri yalivyokuwa yakiingia. Kisha matokeo yakakwama. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, alilalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wa uchaguzi hawapatikani kwenye simu. Wasikilizaji wetu walikuwa na swali moja tu: yamekwama kwa nini? Hakuna aliyewajibu, si tume, si serikali, wala si sisi.

Jioni ya Desemba 30 Kivuitu alimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi, na jua lilipokuwa likizama Kibaki akaapishwa Ikulu. Upande wa mpinzani wake, Raila Odinga, ukayakataa matokeo, na mapigano ya kikabila yakaanza. Jioni hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kwa redio kama yetu maana yake ilikuwa kufunga kipindi cha simu za wasikilizaji, ambacho ndicho kilichokuwa uhai wa kituo. Watu wengi hudhani marufuku ile ilinyamazisha maneno. Haikuyanyamazisha. Iliyatoa hewani, ambako mtangazaji angeweza kumkatiza mchochezi na kumuuliza "umeliona hilo wewe mwenyewe?", ikayapeleka kwenye meseji, ambako hakuna aliyeweza kumkatiza mtu. Serikali ilifikiria hata kuzima huduma ya meseji nchini kote, na mwishowe kampuni ya simu ya Safaricom ikatuma meseji za amani kwa wateja wake. Kufikia hapo meseji za chuki zilikuwa zimeshasambaa kotekote, zikitaja watu kwa makabila yao na kuwaita madoadoa au kwekwe, yaani vitu vya kung'olewa.

Simu yetu ya studio ilikuwa ya vitufe, ya kawaida kabisa, na kumbukumbu yake ilijaa upesi. Ikabidi mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kufuta meseji ili nyingine ziingie. Yeye ndiye aliyeanzisha, bila kuagizwa na yeyote, jambo ambalo nimelibeba kila nilikokwenda: kabla ya kufuta, aliandika kwenye daftari la mistari saa ya meseji, mahali panapotajwa, na mwisho wa mstari neno moja kati ya mawili, "ameona" au "amesikia". Alikuwa akimpigia mtumaji kumuuliza. Ukurasa mzima ungeweza kupita wote ni "amesikia". Malori yaliyojaa watu yanakuja kutoka upande wa Molo: amesikia. Maji ya bomba yametiwa sumu: amesikia. Dukani kwa fulani kumefichwa mapanga: amesikia kwa shemeji yake, ambaye naye amesikia.

Kwa nini basi hatukuyatumia yaliyokuwa kwenye daftari lile tangu siku ya kwanza? Kwa sababu ya Rwanda. Kila mmoja wetu alikuwa na RTLM kichwani, ile redio iliyochochea mauaji ya 1994 na ambayo vigogo wake walihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, Desemba 2003. Tulijua redio inaweza kuua. Kutokana na hilo tukaamua kwamba redio iliyo salama ni ile isiyosema kitu. Tukacheza nyimbo za kizalendo. Tukacheza maombi ya wachungaji, mashehe na maaskofu. Januari 3, 2008 magazeti makuu ya nchi yalitoka na kichwa kimoja ukurasa wa kwanza kuomba nchi yetu iokolewe, nasi tukakisoma kila saa. Sipingi kwamba watu walihitaji kusikia sauti ya kuwaunganisha. Lakini siku mbili kabla, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walikuwa wameteketezwa humo ndani, na waliokuwa bado njiani walihitaji kujua wakimbilie wapi.

Nakuru mjini kulikuwa na utulivu wa kiasi hadi wiki ya mwisho wa Januari, wakati Kofi Annan alikuwa ameshafika Nairobi kupatanisha pande mbili na mazungumzo yameanza kunukia. Ndipo mitaa ikawaka. Siku moja ya wiki hiyo nilipokea simu ya chumba cha habari. Alikuwa mama wa makamo, na nyuma yake niliisikia redio yetu wenyewe ikicheza wimbo wa amani.

"Mwanangu," akasema, "huo wimbo ni mzuri, nimeusikiliza tangu asubuhi. Nina wajukuu watatu hapa ndani. Usiniombee amani. Niambie tu, barabara ya kwenda showground inapitika?"

Sikujua. Nilifunika mdomo wa simu nikauliza chumba kizima, na hakuna aliyejua, ingawa kutoka tulipokaa hadi showground, uwanja wa maonyesho walikokuwa wakikimbilia watu, ni mwendo wa mtu kutembea kwa miguu. Nilimwomba asikate. Mwenzangu akampigia kijana anayeuza mafuta kwenye kituo cha petroli kilichokuwa kando ya barabara hiyo, naye kijana akasema kuna mawe na magurudumu yanayoungua kwenye mzunguko lakini njia ya nyuma ya shule iko wazi, amewaona watu wakipita na magodoro. Tukampa mama njia hiyo. Sikuwahi kujua kama alifika.

Baada ya simu ile mhariri wetu alisimamisha nyimbo. Tulianza kurekodi taarifa fupi kila nusu saa na kuicheza dakika chache baadaye, hivyo hatukuvunja agizo la serikali. Tulijenga orodha ya watu wanaosimama mahali pamoja mchana kutwa na wenye macho: wauza petroli, walinzi wa malango ya hospitali, makarani wa stendi za matatu, walimu wanaoishi shuleni, wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Mwandishi wa habari hukimbilia kwa mkuu wa wilaya na OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, na ni sawa, ila wakubwa hao mara nyingi wanaambiwa na mtu aliyeambiwa. Mlinzi wa lango anahesabu mwenyewe magari ya wagonjwa yanayoingia.

Taarifa zetu zilikuwa na mambo matatu, na bado ndivyo ninavyowafundisha watu. Kwanza, tunachojua na aliyetuambia. Pili, tusichokijua, kwa kukitaja. Tatu, saa ambayo tutarudi. Mfano: "Barabara kuu kuelekea magharibi imefungwa kwa mawe tangu saa nne asubuhi, haya ameyaona mfanyakazi wa kituo cha mafuta kilichopo hapo. Hatujui kama polisi wamefika. Tutawapa habari zaidi saa tano na nusu." Na saa tano na nusu ikifika unarudi, hata kama huna jipya, useme huna jipya. Kati ya mambo hayo matatu hili la tatu ndilo watu hulipuuza na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mtu mwenye hofu husambaza uvumi kwa sababu hajui ni lini atapata neno la kutegemewa. Ukimpa saa, wengi hungoja. Niliona hilo kwenye daftari: dakika za mwisho kabla ya taarifa meseji zilipungua, na baada ya taarifa tulianza kupata za aina nyingine, za watu wanaosahihisha au kuongeza walichokiona wao.

Kuna methali niliyokuwa nikitupiwa kila nilipokanusha jambo: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Katika siku za kawaida ina hekima yake. Katika siku kama zile inampa kila mzushi ushindi wa bure, maana ukikanusha unaambiwa basi linakuja. Nilichogundua ni kwamba kukanusha kwenyewe ndiko kulikokuwa na kasoro. Redioni mtu hufungulia katikati ya sentensi. Ukisema "si kweli kwamba maji ya bomba yametiwa sumu", nusu ya wasikilizaji wamedaka "maji ya bomba yametiwa sumu". Kwa hiyo anza na ukweli, umalizie na ukweli, na uvumi wenyewe uutaje kwa kifupi sana katikati au usiutaje kabisa: "Maji ya bomba yanayotoka leo ni salama. Mhandisi wa maji ameyapima asubuhi ya leo na ameyanywa mbele ya mwandishi wetu." Tulimpeleka mwandishi kweli, na mhandisi akanywa kweli. Bila kitendo kama hicho cha kuonekana, kanusho ni neno lako dhidi ya neno la shemeji ya mtu, na shemeji huaminiwa zaidi.

Lugha yetu ya habari nayo ilitusumbua. Kanuni ya chumba cha habari ilikuwa tusitaje kabila. Nia ilikuwa njema. Tukawa tunasema "watu wa jamii fulani wameshambuliwa". Siku moja nilikuwa ndani ya matatu taarifa yetu inasomwa, na abiria wawili waliokuwa wameketi mbele yangu, wa makabila mawili tofauti, kila mmoja alikuwa na hakika kwamba jamii iliyoshambuliwa ni yake. Walianza kwa kubishana, wakaishia kwa kutishana, na kondakta akalazimika kuwashusha mmoja mmoja vituo tofauti. Neno "fulani" halifichi kitu. Linamwachia msikilizaji pengo, naye analijaza kwa hofu aliyo nayo. Tangu siku hiyo nasisitiza kutaja mahali, tendo, na hali ya sasa: nyumba kadhaa zimechomwa karibu na shule ya msingi, wazima moto wamefika, waliokimbia wako kanisani na wanahitaji blanketi. Na pale ambapo watu wamelengwa kwa sababu ya kabila lao? Huo ni ukweli na usizikwe. Uandikwe, ila katika ripoti kamili yenye mashahidi na muktadha, usitupwe katika sentensi mbili za taarifa ya saa wakati moto bado unawaka.

Kuna kauli nyingine ninayoichukia hadi leo: "ghasia zilizuka". Ghasia hazizuki zenyewe kama upepo wa vumbi; kuna aliyeanza, aliyetuma, aliyelipa, aliyefyatua. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilipotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilitokana na risasi. Nilipoisoma takwimu hiyo nilifungua kumbukumbu za taarifa zetu. Kwa wiki nyingi tulikuwa tumesema "waliofariki kwenye ghasia", na karibu hakuna mahali tulipouliza risasi zilitoka kwa nani. Mtangazaji kijana anayesoma haya, sentensi isiyo na mtendaji inaposhuka mezani kwako siku ya mgogoro, irudishe kwa mwandishi. Ikiwa mtendaji hajulikani, iseme hivyo: "bado haijajulikana nani alifyatua."

Gharama ya kazi hii huwa haisemwi. Matangazo ya biashara yalikauka, mishahara ikachelewa, na hilo lilikuwa dogo. Mwenzangu tuliyekuwa tukisoma naye habari kwa zamu alipokea meseji kwenye namba yake binafsi zikimtajia mtaa anaoishi na shule ya watoto wake. Alihama mji usiku na hakurudi kwenye redio. Mimi nilikaa, lakini kwa muda mrefu sikuweza kulala bila simu mkononi, na nilipokuwa nimelala niliota kurasa za daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba kusoma mamia ya meseji za chuki ni kazi inayoumiza. Kwa hiyo naomba wakuu wa vituo: anayesoma meseji asisome siku nzima, apokezwe. Namba za simu za watangazaji zisijulikane nje. Na baada ya mambo kutulia, watu wakae chini wazungumze na mshauri nasaha, hata wale wanaosema wako sawa. Hasa hao.

Makubaliano ya Kibaki na Raila Odinga yalitiwa saini Februari 28, 2008. Mwaka huo huo ripoti ya Waki ilizinyooshea kidole baadhi ya redio za lugha za kienyeji, na baadaye mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, akafikishwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, pamoja na mwanasiasa William Ruto. Kesi yao ilianza kusikilizwa Septemba 10, 2013 na ikafungwa Aprili 5, 2016 kwa ukosefu wa ushahidi wa kutosha. Jambo moja la kiutendaji nililijifunza hapo: rekodi kila kitu kinachopita hewani na kitunze, kwa tarehe na saa. Mgogoro ukiisha, swali la "ulisema nini?" huja, na kumbukumbu za watu hazitoshi kukutetea wala kukushtaki.

Lakini sikubaliani na hitimisho ambalo wengi walilifikia, kwamba lugha za kienyeji ndizo hatari na Kiswahili na Kiingereza ndiyo dawa. Katika kambi ya waliokimbia nilizungumza na wanawake wazee ambao tangazo la Kiswahili cha ofisini, "wahanga wanaombwa kujisajili katika vituo husika", liliwapita kabisa. Lilipotolewa kwa Kikuyu na Kikalenjin, kwa maneno ya kwenda kwa nani, wapi, na kitambulisho gani, walijipanga. Kuchochea kunawezekana kwa lugha yoyote, na kuokoa vilevile. Mwaka 2022 Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kwenye kampeni. Orodha husaidia kidogo, ila mchochezi hubuni neno jipya kabla wino haujakauka. Ukitaka kujua kama kauli ni hatari, sikiliza msemaji anawataka wasikilizaji wamfanye nini nani.

Mwaka 2013 tulifika tukiwa tumejiandaa kupita kiasi upande mmoja. Kila kona kulikuwa na warsha za amani, mabango ya amani, ahadi za amani. Mitambo ya kutuma matokeo ikafeli baada ya kura za Machi 4, na kwenye skrini za Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, idadi ya kura zilizokataliwa ikapanda hadi kupita 300,000. Ikakaa pale siku nzima na zaidi. Nilimwuliza mhariri wa kituo kimoja kwa nini hawaulizi, akanijibu kwamba hawataki kuchoma nchi. Tume ya uchaguzi ilikuja kueleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha namba hiyo mara nane kwa hitilafu, na idadi halisi ikashuka hadi laki moja na ushei. Maelezo hayo yangetolewa mapema kama vyombo vingeuliza mapema. Kulikuwa na utulivu, ndiyo, lakini watu wengi waliondoka wakiamini wamefichwa kitu, na imani hiyo tuliibeba hadi 2017.

Ndiyo maana 2022 ilinipa moyo, pamoja na mapungufu yake. Tume iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A, yaani fomu za matokeo za kila kituo cha kupigia kura, za vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kufungua fomu ya kituo alichopigia kura. Tatizo likaja kutoka kwetu wenyewe. Televisheni zilianza kujumlisha fomu kila moja kwa mpangilio wake, moja ikimwonyesha Ruto mbele, nyingine Odinga, na watazamaji wakashikwa na taharuki. Kisha zikapunguza kasi, na baadhi zikaacha bila maelezo. Kimya kikarudi palepale. Nilikuwa nikisaidia kipindi cha asubuhi cha redio moja, na tulitumia kipindi kizima kueleza jambo moja: namba zinatofautiana kwa sababu kila kituo kimefungua fomu za maeneo tofauti kwanza, hesabu ya mwisho itakuwa moja. Tukampigia msikilizaji mmoja hewani, akafungua fomu ya shule aliyopigia kura, akasoma namba zilizobandikwa mlangoni ambazo alikuwa amezipiga picha, zikalingana. Simu zilizofuata zilikuwa za watu wanaotaka kuelekezwa jinsi ya kufungua fomu zao. Walioshindwa hawakufurahi matokeo yalipotangazwa Agosti 15, lakini walikuwa na kitu cha kupeleka mahakamani, na huko ndiko walikokwenda.

Kwa wanaosemea ofisi, kanisa au shirika, ninalo neno pia. Nimekutana na ma-OCS na wakuu wa wilaya wengi wanaosema "ngoja nipate ruhusa kutoka juu". Ruhusa ikija, uvumi umeshafika mahali hakuna taarifa itakayoufikia. Kabla ya joto la uchaguzi kupanda, kubalianeni ni mambo gani msemaji wa chini anaweza kusema papo hapo bila kuomba ruhusa: barabara zilizofungwa, saa za kafyu, mahali pa kukimbilia, hospitali zinazopokea majeruhi. Hayo hayahitaji mkubwa. Na wananchi na waandishi wajue kwamba Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 pale habari inapohusu uhai au uhuru wa mtu. Nimeitumia kutafuta waliokamatwa walizuiliwa kituo gani. Andika ombi kwa barua, taja kifungu cha 9, bakia na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Msemaji pia ajihadhari na jina analowapa watu. Mwaka 2024, vijana walipoanza kupinga Mswada wa Fedha, walifanya kazi ambayo serikali na vyombo vya habari vilipaswa kuifanya: waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakausoma kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, wakaeleza kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na ile ya asilimia 2.5 kwenye thamani ya gari. Jibu la viongozi kadhaa lilikuwa kwamba vijana wamepotoshwa. Mtu aliyeusoma mswada ukimwambia amepotoshwa, umemwambia hutazungumza naye. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na jioni Rais Ruto akayaita matukio yale ya uhaini. Siku iliyofuata alitangaza kwamba hatautia saini mswada. Hoja za vijana zilikuwa zile zile siku zote mbili. Nimekaa na wasemaji wa taasisi tukiichambua wiki hiyo, na huwa nawauliza swali moja: kauli ya Juni 26 ingetolewa Juni 18, maandamano yalipoanza, nani angekuwa hai?

Jioni ile ya Juni 25 intaneti ilizorota nchini, na wazazi wakawa hawawapati watoto wao. Redio za FM zikarudi kuwa zilivyokuwa 2008. Sasa vyombo vingi vimehamishia orodha zao zote kwenye makundi ya WhatsApp, na mtandao ukizimwa hawana hata namba ya mlinzi wa hospitali. Mwaka mmoja baadaye, Juni 25, 2025, ikawa zamu ya masafa: Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza redio na televisheni ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mawimbi ya vituo kadhaa, NTV na KTN vikiwemo, yakazimwa, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo.

Vituo vilivyojiandaa vilikuwa vimeshawaambia wasikilizaji asubuhi watafute wapi wakipotea hewani: masafa ya kituo rafiki, ukurasa wa mtandaoni, namba ya kupiga. Wakili alikuwa ameshapewa nakala ya leseni na barua zote, akingoja simu. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kikao cha nusu siku kabla ya kampeni kuanza, mhariri, fundi mitambo, wakili na mtu wa mapokezi wakiwa mezani pamoja, na orodha ya namba za watu wenye macho iliyochapishwa kwenye karatasi, nakala moja studio na nyingine nyumbani kwa mhariri. Mtu wa mapokezi msimwache. Ndiye atakayepokea simu ya kwanza.